Dhahabu ya Songwe, shaba ya Tunduma: je, mali ya ardhini ni laana?



 

Tumeletewa suala na mzee mmoja wa Pemba ambaye mtoto wake anafanya biashara Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia. Kijana ameanza kununua dhahabu kidogo kidogo kwa wachimbaji wa upande wa Mkwajuni, wilaya ya Songwe. Mzee anauliza mambo mawili. La kwanza, kila siku anasikia redioni kwamba nchi zenye madini zina "laana ya rasilimali". Je, Muislamu anaweza kusema kwamba kitu alichokiweka Allah (S.W.) ardhini ni laana? La pili, kijana ameambiwa na wenzake kuwa dhahabu akiivusha upande wa Nakonde bila ya kuipitisha sokoni hana dhambi, kwa sababu "wakubwa nao wanakula". Je, hoja hiyo inasimama?

Suala la pili jawabu yake ni fupi, lakini haifahamiki vizuri mpaka la kwanza lijibiwe kwa urefu. Basi nawaomba mustahamili, maana sehemu kubwa ya maneno yanayokuja ni hesabu na historia, na dalili za fiqhi zitakuja katikati yake.

Neno hili limetoka wapi

Neno "laana" katika jambo hili limeenea kutoka vyuo vikuu. Mwaka 1995 wataalamu wawili wa uchumi wa Marekani, Jeffrey Sachs na Andrew Warner, walizilinganisha nchi nyingi za dunia. Wakaona kwamba zile zilizotegemea zaidi kuuza mali ghafi, kama mafuta na madini, mwanzoni mwa miaka ya 1970, uchumi wao ulikua polepole zaidi katika miaka iliyofuata kuliko wa nchi zisizokuwa na mali hiyo. Watu wakashangaa, na wengi mpaka leo wanaishia hapo.

Lakini mwaka 2006 wataalamu watatu wa Norway, Halvor Mehlum, Karl Moene na Ragnar Torvik, walilitizama tena jambo hilo hilo. Wakauliza: mbona nchi yao wenyewe ina mafuta na imestawi? Walichokiona ni kwamba mali ya ardhini inaivuta nchi nyuma pale ambapo taratibu za nchi zinampa faida zaidi mwenye kunyakua kuliko mwenye kuzalisha. Pale ambapo sheria inashika, hesabu zinaonekana na mwizi anaulizwa, ile "laana" haionekani.

Kwa hivyo neno lenyewe si zuri, na si sahihi hata kwa hesabu za hao wanaolitumia. Ukisoma Sura ya Saba, aya ya 15 mpaka ya 19, utawakuta watu wa Maarib waliopewa bustani mbili, kuliani na kushotoni. Hawakuharibikiwa kwa sababu ya bustani. Waliharibikiwa kwa yale waliyoyafanya wao. Neema ilikuwa neema mpaka siku ya mwisho. Na mali ambayo si ya mtu mmoja jina lake katika sheria ni amana, na ndiyo iliyoelezwa katika Sura ya an-Nisaa, aya ya 58, pale tulipoamrishwa kuzirejesha amana kwa wenyewe.

Kinachopita Tunduma

Anayetaka kuyaona haya kwa macho akakae Tunduma siku moja. Malori yanayotoka Zambia na Kongo yamebeba mabamba ya shaba, yanakwenda bandari ya Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 900. Reli ya TAZARA inapita hapo hapo. Bomba la mafuta la TAZAMA, linalokwenda Ndola, nalo ni la tangu mwaka 1968. Oktoba 2019 marais wa nchi mbili, marehemu John Magufuli na marehemu Edgar Lungu, walifungua kituo cha pamoja cha forodha ili foleni ipungue. Mji mzima unaishi kwa mali inayopita: mama lishe, mafundi wa matairi, mawakala wa forodha, na vijana wanaobadilisha shilingi na kwacha.

Sasa tizama shaba hiyo imeifanyia nini Zambia yenyewe, maana hili ni somo lililo mlangoni petu.

Zambia ilipopata uhuru mwaka 1964, karibu mapato yake yote ya nje yalikuwa ya shaba. Mwaka 1969 Rais Kenneth Kaunda alitangaza kuwa serikali itachukua asilimia 51 ya migodi. Watu walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini katikati ya miaka ya 1970 bei ya shaba duniani ikaanguka. Serikali ikakopa ili mambo yaendelee kama kawaida, ikitaraji bei itarudi. Haikurudi kwa miaka mingi. Mashine zikachakaa bila ya kutengenezwa, kwa sababu fedha za migodi zilikuwa zinaziba mapengo mengine ya serikali. Uzalishaji uliokuwa zaidi ya tani 700,000 kwa mwaka ukashuka hadi takriban tani 250,000 mwaka 2000.

Kisha nchi ikageuka upande wa pili. Migodi ikauzwa kwa makampuni ya nje, na kwa kuwa wakati ule serikali ilikuwa dhaifu na ina madeni, mikataba ikaandikwa kwa unyonge: mrabaha, yaani malipo ya kuchimba mali ya umma, uliwekwa asilimia 0.6 tu, na ilhali sheria ya nchi ilikuwa inasema 3. Mikataba hiyo haikuwekwa wazi kwa wananchi. Baada ya miaka michache bei ya shaba ikapanda kutoka chini ya dola 2,000 kwa tani mpaka zaidi ya 7,000, na Zambia ikabaki inatizama. Mwaka 2008 ikaweka kodi ya faida ya ghafla, na 2009 ikaifuta. Mwaka 2012 ikaanza kukopa kwa kuuza dhamana katika masoko ya nje, na Novemba 2020 ikashindwa kulipa riba ya dola milioni 42.5. (Juu ya madeni ya riba tumeshaandika mara nyingi, sitaki kurudia hapa.)

Naomba tulizingatie jambo moja. Wako wanaosema dawa ni serikali imiliki kila kitu, na wako wanaosema dawa ni kuwaachia wawekezaji. Zambia imeonja zote mbili, na zote mbili zilikwama mahali pamoja: mwananchi hakuziona hesabu, na watawala walipanga matumizi kana kwamba bei ya leo itakuwepo kesho.

Iko njia nyengine ya madhara ambayo haionekani kwa urahisi. Fedha nyingi za kigeni zikiingia kwa pamoja, sarafu ya nchi inapanda thamani. Hapo mahindi na nguo za nje huwa rahisi kuliko za ndani, na mkulima na mwenye kiwanda wanashindwa bila ya kujua nani amewapiga. Bei ya madini ikianguka, nchi inajikuta haina madini wala mashamba. Wataalamu wanauita ugonjwa wa Kiholanzi, kwa kuwa Uholanzi ilionja haya baada ya kugundua gesi mwaka 1959.

Shilingi mia ya dhahabu

Turudi upande wetu wa mpaka. Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na makao yake ni Vwawa. Ni mkoa mchanga wenye mali kongwe. Eneo la dhahabu la Lupa, ambalo wilaya ya Songwe imo ndani yake pamoja na jirani yake Chunya, limechimbwa tangu miaka ya 1920, na Saza ilikuwa miongoni mwa migodi mikubwa ya Tanganyika wakati wa Muingereza. Leo mgodi mkubwa ni New Luika, ulioanza kutoa dhahabu mwaka 2012. Ileje ina makaa ya mawe, Mbozi ina kahawa, Momba ina gesi ya heliamu, na Ngualla ina madini adimu yanayotengenezewa sumaku za magari ya umeme.

Basi nini kinabaki nchini dhahabu inapouzwa? Tuifanye kwa shilingi mia, ili kila mtu aifahamu.

Mgodi ukiuza dhahabu ya shilingi 100, kiwango cha kawaida cha mrabaha tangu mwaka 2017 ni shilingi 6. Ada ya ukaguzi ni shilingi 1. Ushuru wa huduma, unaokwenda kwa halmashauri ya wilaya, ni senti 30. Jumla shilingi 7 na senti 30. Hizi zinakatwa katika mauzo yenyewe, faida iwepo isiwepo. (Dhahabu inayosafishwa au kununuliwa ndani ya nchi ina nafuu yake, na zipo tozo nyengine ndogo, lakini sura ya hesabu ni hiyo.)

Zinabaki shilingi 92 na senti 70. Humo mnatoka mishahara, dizeli, kemikali, mitambo, bima na marejesho ya mikopo. Kitakachobaki baada ya hapo ndiyo faida. Na ni juu ya hiyo faida tu ndipo inapokuja kodi ya mapato ya asilimia 30, na gawio la serikali kwa hisa zake, ambazo kwa sheria ya sasa ni angalau asilimia 16 na hazilipiwi.

Hapa ndipo penye siri ya jambo zima. Kampuni ikinunua mitambo kwa kampuni dada kwa bei ya juu, au ikakopa kwa mama yake aliyeko nje kwa riba kubwa, au ikalipa "ada ya usimamizi" kwa ofisi iliyoko maelfu ya maili, gharama zinapanda na faida inakwisha kwenye karatasi. Dhahabu imetoka, shimo limebaki, na hesabu inasema hasara. Simtuhumu mtu. Ninachosema ni kwamba asilimia 30 ya kitu kisichoonekana ni sifuri, na asilimia 16 ya sifuri ni sifuri. Ndiyo maana nchi yenye wakaguzi hodari wa hesabu inapata zaidi kuliko nchi yenye viwango vikubwa vya kodi katika kitabu cha sheria.

Na zile senti 30 za halmashauri? Hizo ndizo zilizo karibu zaidi na mwananchi wa Mkwajuni, na ndizo ambazo angeweza kuzifuata kwa miguu yake mpaka kwenye skuli na zahanati. Sheria ya 2017 imeutaka kila mgodi uandae kila mwaka mpango wa kuchangia jamii na ukubaliane na halmashauri. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali anatoa ripoti kila mwaka, na taasisi ya TEITI, iliyowekewa sheria yake mwaka 2015, kazi yake ni kulinganisha makampuni yanasema yamelipa nini na serikali inasema imepokea nini. Karatasi zipo. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kuzisoma katika mkutano wa kijiji.

Mfano wa karibu wa karatasi kutosomwa mapema ni mgodi wa makaa ya mawe wa Kiwira. Ulijengwa kwa msaada wa China na ulifunguliwa mwaka 1988. Katikati ya miaka ya 2000 ukapewa kampuni binafsi. Bunge likaja kulalamikia namna ulivyotolewa, ule umeme wa megawati 200 uliokuwa ukisemwa haukupatikana, na mwisho mgodi ukarudishwa mikononi mwa shirika la umma, STAMICO. Miaka iliyopotea hapo hakuna aliyeilipa.

Chumvi ya Maarib

Fiqhi yetu ina tukio moja ambalo kila anayetia saini mkataba wa madini angefaa alijue. Limepokewa na Abu Daud, Tirmidhi na Ibn Majah. Sahaba mmoja, Abyadh bin Hammal, alikwenda kwa Mtume (S.A.W.) akaomba apewe chumvi ya Maarib, Yemen. Akapewa. Alipoondoka, mtu mmoja aliyekuwepo katika kikao akamwambia Mtume kwamba alichompa ni kama maji yasiyokatika. Hapo Mtume (S.A.W.) akairudisha.

Tizama mambo yaliyomo. Kwanza, mkataba ulirejewa kwa sababu ya taarifa mpya juu ya ukubwa wa mali. Pili, taarifa haikutoka kwa mwombaji, ilitoka kwa mtu mwengine aliyekuwa na nafasi ya kusema mbele ya kiongozi, na hakuna aliyemkaripia. Tatu, wanazuoni wamechukua hapa kuwa madini yaliyo dhahiri, ambayo yanachotwa bila ya taabu kubwa, hayatengwi kwa mtu mmoja. Ama yale yanayohitaji kuchimbwa kwa mtaji na nguvu, Mtume (S.A.W.) alimpa Bilal bin al-Harith machimbo ya Qabaliyya, na zaka ikawa inachukuliwa humo, kama ilivyo katika Muwatta wa Imam Malik. Kwa hivyo Uislamu haukusema yote ya serikali, wala haukusema yote ya tajiri. Umesema ijulikane ni nini, kisha kitolewe kwa sharti.

Botswana walifanya kitu kinachofanana na hicho. Almasi iligunduliwa Orapa mwaka 1967, mwaka mmoja tu baada ya uhuru. Mkataba wa mwanzo na kampuni ya De Beers uliipa serikali asilimia 15. Ilipojulikana kuwa mali ni kubwa zaidi, serikali ilikaa mezani tena, na katikati ya miaka ya 1970 ikapata nusu kwa nusu. Mwaka 1994 ikaanzisha mfuko wa akiba, Pula, kwa ajili ya watakaokuja. Nchi iliyokuwa miongoni mwa maskini kabisa ikawa na skuli na barabara. Hata hivyo tusiwatukuze kupita kiasi: almasi imeporomoka bei, na mwaka 2024 uchumi wao umerudi nyuma kwa takriban asilimia 3. Akiba imewasaidia kupumua, lakini hawakuwahi kujenga mlango wa pili wa riziki.

Na sisi? Sheria ya madini ya 1998 iliweka mrabaha wa dhahabu asilimia 3. Kamati ya Jaji Mark Bomani ikatoa ripoti yake 2008, sheria ya 2010 ikapandisha hadi 4. Kisha ikaja 2017: usafirishaji wa makinikia ukazuiwa mwezi wa Machi, kamati mbili zikaundwa, na Julai zikapita sheria tatu kwa haraka. Humo mlikuwemo mema mengi. Mrabaha wa 6, hisa za serikali, na haki ya Bunge kurejea mikataba yenye masharti mabaya, yote hayo ni katika mlango wa chumvi ya Maarib.

Lakini namna nayo ina hukumu yake. Januari 2018 serikali ilifuta leseni hodhi zote, yaani zile za kampuni iliyogundua madini na kuomba iachiwe eneo bila ya kuchimba kwanza. Miongoni mwa walioguswa ni kampuni ya Canada, Winshear, iliyokuwa na eneo la dhahabu la Saza na Makongolosi, huko huko Lupa. Ikaenda katika usuluhishi wa kimataifa, na mwaka 2023 Tanzania ikakubali kuilipa dola milioni 30 ili shauri limalizike.

Je, serikali ilikosea kuchukua ardhi iliyokaa bure? Asili ya jambo si kosa. Sayyidna Umar (R.A.) alimchukulia yule yule Bilal bin al-Harith sehemu ya ardhi aliyopewa na Mtume (S.A.W.), kwa sababu alishindwa kuifanyia kazi. Na imepokewa kwake kuwa mwenye kuzungushia ardhi bila ya kuihuisha hana haki baada ya miaka mitatu. Lakini Umar alimwita Bilal, akazungumza naye, akamuachia kile anachokiweza na akachukua kilichozidi. Hakufuta kwa tangazo moja. Baina ya njia hizi mbili, kwa maoni yangu, ndimo zilimopita zile dola milioni 30, ambazo ni mali ya yatima wa Mbozi na wa Micheweni pia.

Haya si ya kale. Mikataba mikubwa ya Songwe ndiyo kwanza inaanza. Mwaka 2016 ilitangazwa kuwa bonde la Rukwa lina heliamu nyingi, na kisima kilichochimbwa Itumbula mwaka 2024 kimetoa gesi yenye heliamu zaidi ya asilimia 5, wakati hewa ya kawaida haina hata sehemu moja katika laki moja. Gesi hii ndiyo inayopoza mashine za MRI mahospitalini. Ni nyepesi mno, ikiachiwa inapotea angani moja kwa moja. Leseni ya uchimbaji imetolewa 2025. Ngualla nayo ilipata leseni yake 2023, kwa kampuni ambayo serikali ina asilimia 16. Mwenye hisa zilizobaki alikuwa kampuni ya Australia, Peak, na mwaka 2025 kampuni ya Kichina, Shenghe, ikakubaliana kuinunua Peak yote. Shenghe hiyo hiyo ilikuwa imeshafunga makubaliano ya kununua mzigo wa Ngualla. Muuzaji na mnunuzi wakiwa nyumba moja, nani anapanga bei? Hilo ndilo la kuuliza sasa, kabla lori la kwanza halijaondoka.

Na sisi wa visiwani tusidhani haya ni mambo ya bara. Zanzibar ina sheria yake ya mafuta na gesi ya 2016, mkataba wa kitalu cha Pemba na Unguja na kampuni ya RAK Gas ulitiwa saini Oktoba 2018, na mwaka 2024 vitalu vya baharini vikafunguliwa kwa wawekezaji. Mwakilishi wako Barazani ana haki ya kuuliza mgawanyo ukoje, gharama zinakaguliwa na nani, na kama bei ikipanda fungu la Zanzibar linapanda au linabaki pale pale. Na wewe una haki ya kumuuliza yeye.

Suala la kijana

Sasa tuje kwa kijana wetu na dhahabu yake.

Hoja ya "wakubwa nao wanakula" haisimami. Aliyekula mali ya umma amefanya khiyana, na katika Bukhari na Muslim kuna kisa cha mkusanyaji zaka aliyerudi na mali akagawa mafungu mawili, hili la Waislamu na hili amepewa zawadi, na Mtume (S.A.W.) akakasirika mpaka akapanda juu ya mimbari. Lakini khiyana ya mtu mmoja haihalalishi ya mwengine. Mali ile haikuwa ya waziri hata ukimnyima yeye umemkomoa. Ile senti 30 ni ya halmashauri, na mtoto anayekaa chini skulini Mkwajuni hakukula chochote.

Wapo watakaosema mrabaha ni katika kodi za dhulma ambazo wanazuoni wamezikemea. Jawabu ni kuwa mrabaha ni bei ya mali ya umma. Kwa Imam Malik madini yako chini ya usimamizi wa kiongozi hata yakitoka katika ardhi ya mtu. Madhehebu yetu ya Shafi ina maneno mengine kuhusu ardhi yenye mwenyewe, na hilo silifichi. Lakini mchimbaji na mnunuzi wanaingia kwa leseni yenye masharti, na masharti waliyoyakubali ni ahadi.

Hata hivyo watawala nao wana somo hapa, na sisi watu wa karafuu tunalijua kuliko wengine. Miaka ile bei ya shirika ilipokuwa chini, karafuu za Pemba zilikuwa zinakwenda Mombasa usiku kwa majahazi, na mikarafuu ikaachwa bila ya kupaliliwa. Mwaka 2011 mkulima alipoanza kupewa takriban asilimia 80 ya bei ya dunia, magendo yalipungua. Dhahabu ni vivyo hivyo. Mwaka 2019 serikali iliwaondolea wachimbaji wadogo kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na ile ya zuio ya asilimia 5, ikafungua masoko ya madini karibu na machimbo, na dhahabu iliyokuwa haionekani ikaanza kuonekana katika vitabu. Anayetoza kwa kiasi na kulipa bei ya haki huwapunguzia watu sababu za kupita njia za panya.

Kwa kijana mwenyewe, mambo yafuatayo. Kununua dhahabu machimboni bila ya leseni ya udalali ni kosa kisheria, basi aiombe katika ofisi ya madini ya mkoa, na auze sokoni. Dhahabu kwa fedha ni mkono kwa mkono, hainunuliwi kwa deni. Wale wanaowapa wachimbaji fedha za chakula mwanzo wa mwezi kwa sharti la kuja kuwauzia kwa bei ya chini waogope riba. Mchimbaji Muislamu, dhahabu yake ikifika nisabu, takriban gramu 85, anatoa asilimia 2.5 pale pale inaposafika, bila ya kungoja mwaka. Kijana ambaye yeye ni mfanyabiashara tu zaka yake ni ya biashara, mwaka ukitimia. Na alichokatwa sokoni hakihesabiwi kuwa ni zaka, kwa sababu hakikutiwa nia hiyo wala hakiendi kwa wanaostahiki.

Iliyokwishavushwa kabla ya kuuliza, kama ipo, atizame kiasi gani cha mrabaha na ushuru hakikulipwa, na atafute namna ya kukirudisha katika manufaa ya watu wa pale ilipochimbwa.

Wallahu aalam.